Mutu wa Mikro Katikati ya Ulingo: Watangazaji wa Katshi Tunaowapenda na Wale Hatuwapendi

Katika vitabu vidogo vya namna hii, desturi tunazozisoma mara nyingi ni zile za ngoma, za ndoa, za matanga na za kutawaza machifu. Ni vizuri. Lakini tunaomba ruhusa kwa wasomaji wetu tuseme juu ya kazi moja ambayo watu wa miji yetu wameiona sana ku televizyo, na karibu hakuna anayeihesabu kuwa kazi yenye historia. Ni kazi ya yule mutu wa kostime nyeusi na papiyo anayesimama katikati ya ulingo mbele katshi haijaanza, mikro mukononi, na kutaja majina. Kengele ikilia, anashuka. Pambano likiisha, anapanda tena kusema nani ameshinda. Kazi yake ni hiyo tu, na si kazi ndogo.

Tusimuchanganye na yule anayekaa pembeni na kusimulia mapigano kwa watu walio nyumbani. Sisi wa inchi iliyosomeshwa Kifaransa tulizoea zaidi sauti ya yule wa pembeni, juu katshi ilitufikia kwa njia ya Kifaransa. Hata neno lenyewe lina safari yake: Waingereza walikuwa na namna moja ya mieleka yenye jina refu, Wafaransa wakalikata, wakabakisha kipande cha kwanza, na sisi tukalipokea tayari limekatwa. Ku Ufaransa, miaka ya 1960, Roger Couderc alikuwa na sifa kubwa kwa kusimulia katshi ku televizyo. Lakini Couderc hakuwa mutu wa ulingoni. Alisema na watu wa nyumbani. Wapiganaji wenyewe hawakumusikia. Yule tunayemufuata hapa anasema mbele ya wote wawili, mupiganaji na watazamaji, na mupiganaji anasikia jina lake mwenyewe likitajwa. Hapo njo kuna jambo.

Juu ya nini tuliweke jambo la namna hiyo katika kitabu cha desturi? Kwa sababu sisi pia tuna watu wa kutaja majina. Kwa Waluba kuna kasala. Patrice Mufuta alichapisha kitabu chake juu ya kasala mwaka 1969, na Clémentine Faïk-Nzuji akatoa chake hapa Lubumbashi mwaka 1974. Wenye kutaka kuchimba zaidi watafute huko. Sisi tunachukua jambo moja tu. Mwenye kusema kasala anamusimamisha mutu mbele ya watu, anamutaja kwa majina yake ya nguvu, anataja babu zake, kijiji chake, mambo waliyoyafanya, mupaka mutu yule anaona kama vile amerefuka. Wengine wanalia. Na mwenye kutajwa hawezi kubaki mikono mitupu: anatoa kitu.

Sasa tuangalie mutangazaji wa Marekani. Kwanza anasema pambano ni la kuangushana mara ngapi, na pengine muda wake. Kisha anaonyesha mupiganaji. Anasema anatoka wapi. Anasema uzito wake, kwa ratili. Jina linakuja mwisho kabisa. Watu wote wamekwisha kujua ni nani, picha yake iko ku mabango ya muji muzima, lakini wanangoja. Mutangazaji akitaja jina mwanzoni, ameharibu. Maneno yanayofuata yanakuwa kama chumvi iliyotiwa kisha chakula kuliwa. Mahali, uzito, jina: ni kasala fupi ya dakika moja, ya watu wasio na babu wa kutaja. Wamarekani wengi wametoka mahali pengine, basi wanataja muji na ratili.

Wa kwanza tunayemupenda hatukumusikia kamwe, na hata baba zetu hawakumusikia. Ni Joe Humphreys wa New York, aliyezaliwa mwaka 1872 na kufa mwaka 1936. Alikuwa mutu wa ngumi zaidi kuliko mieleka, lakini watangazaji wote wa ulingo ni wajukuu wake. Humphreys alifanya karibu kazi yake yote bila mikro. Tarehe 2 Julai 1921, ku Jersey City, Jack Dempsey alipigana na Mufaransa Georges Carpentier mbele ya watu karibu 80.000, katika uwanja wa mbao uliojengwa kwa siku ile, na kwa mara ya kwanza watu walilipa zaidi ya milioni moja ya dola kuingia kuona ngumi. Humphreys alisimama katikati, akainua mukono kuomba kimya, akatoa sauti. Tufikiri kidogo: watu 80.000, hakuna kipaza sauti. Ni sawa vile tungemusimamisha mutu mumoja katikati ya stade ya mupira yenye kujaa na kumuambia asome majina ya wachezaji kwa koo lake. Bila shaka wengi hawakusikia neno. Lakini waliona mukono, wakanyamaza. Sisi tunaona ule mukono kuwa nusu ya kazi. Watangazaji wa leo wana mikro na masanduku ya sauti yenye kutetemesha kifua, na wengi wao hawajui kungoja kimya.

Wa pili ni Jimmy Lennon, yule baba, kwa sababu mutoto wake mwenye jina hilo hilo alifuata kazi hiyo katika ngumi. Lennon baba alifanya kazi ku Los Angeles kwa miaka mingi, zaidi ku Olympic Auditorium, jumba lililofunguliwa mwaka 1925 na lililotumika kwa mieleka na ngumi za michezo ya Olimpiki ya 1932. Alitangaza ngumi, alitangaza mieleka, na sababu alikuwa na sauti nzuri ya wimbo, aliimba pia wimbo wa taifa. Wenye kuona sinema ya Raging Bull ya mwaka 1980 wamemuona humo akifanya kazi yake ile ile. Alikufa mwaka 1992.

Lakini sauti nzuri si sababu ya sisi kumuweka mbele. Los Angeles ni muji wenye watu wengi wa asili ya Mexico, na wapiganaji wengi wa pale walikuwa na majina ya Kispania. Watangazaji wengine waliyasoma majina yale sawa vile mutu anasoma maandishi ya chupa ya dawa katika lugha asiyoijua. Lennon, mutu wa ukoo wa Irlandi, alijifunza kuyatamka kama mama za watu wale walivyoyatamka. Herufi ya r aliizungusha inavyopaswa kuzungushwa. Watu wa viti vya juu, wale wa tikiti za bei ndogo, wakasikia jina la mutu wao likitoka ku mikro likiwa zima, bila kuvunjika. Walimupenda sana kwa ajili ya hiyo, na sisi tunawaelewa kabisa.

Tunawaelewa juu sisi watu wa inchi hii tunajua jina ni kitu gani. Wazazi wetu, mwaka 1972, waliamriwa kuacha majina ya ubatizo na kukamata majina ya babu. Wengine walifurahi, wengine walitafuta haraka-haraka babu wa kumuandika. Mbele ya hapo kulikuwa makarani wa mukoloni walioandika jina kama walivyolisikia, na leo kuna jamaa ambapo kaka anaandikwa kwa Tsh na mudogo wake kwa Ch. Na sisi walimu, kila mwanzo wa mwaka wa masomo, tunashika listi na kusoma apeli. Mwalimu aliyetoka upande mwingine wa inchi anafika ku jina lenye ng na mb zenye kufuatana, anajikwaa, darasa linacheka. Mutoto anaitika kwa sauti ndogo. Mwaka muzima wenzake watamuita kwa lile jina lililovunjika. Lennon alikuwa mwenye kusoma apeli ya muji muzima, na hakumuvunja mutu.

Tukiwa ku mambo ya apeli, tumutaje Gary Michael Cappetta, hata kama ni kwa maneno machache. Huyu alianza mwaka 1974, akiwa kijana, ku kampuni iliyokuja kuitwa WWF na leo WWE, akakaa huko mupaka 1985. Kisha akatangaza kwa kampuni pinzani ya WCW tangu 1989 hadi 1995. Lakini kazi yake nyingine ilikuwa ualimu. Alifundisha Kispania ku shule za sekondari ku jimbo la New Jersey. Mwaka 2000 akaandika kitabu cha maisha yake kati ya wapiganaji. Tunakubali kwamba tunamupendelea kwa sababu isiyo ya haki: ni mwenzetu. Lakini mutu akisikiliza kaseti zake atasikia mwalimu. Hana haraka, kila neno linafika, na hapigi kelele zaidi ya watu wake. Anajua kuwa wa nyuma pia wamelipa.

Sasa tufike kwa Howard Finkel, ambaye kwa wengi waliokua na kaseti za video za katshi miaka ya 1980 na 1990, sauti yake njo sauti ya katshi yenyewe. Alizaliwa Newark, New Jersey, mwaka 1950. Mwaka 1977 alisimama mara ya kwanza kama mutangazaji ku Madison Square Garden, New York. Mwaka 1980, Vince McMahon mutoto alipoanzisha kampuni yake, Finkel alikuwa mufanyakazi wa kwanza kuandikwa. Inasemwa kwamba hata jina la sherehe yao kubwa, WrestleMania, ni yeye aliyelitoa. Aliingizwa ku listi ya heshima ya kampuni mwaka 2009, akafa tarehe 16 Aprili 2020.

Mutu wa kipara, asiye na mwili wa mupiganaji, lakini koo lake lilikuwa kama tarumbeta. Na ujuzi wake wote unaweza kuonekana katika neno moja. Bingwa akishindwa, mutangazaji lazima aseme: huyu njo mushindi, na ni bingwa mupya wa dunia. Kwa Kiingereza, lile neno «mupya» linakuja mbele ya «bingwa». Finkel aliliona. Akasema «na», akalikamata lile neno la kipande kimoja, akalivuta, akalivuta tena, mupaka pumzi ikakaribia kwisha, na wakati analivuta jumba zima limekwisha kupasuka, sababu kila mutu amejua. Jina la mushindi lilikuja nyuma ndani ya kelele, karibu hakuna aliyelisikia, wala halikuhitajika tena. Bingwa akibaki yule yule, neno lilikuwa lingine, nalo alilitamka kwa haraka. Hivyo mutu aliyekuwa chooni ao ku buvette aliweza kujua kwa sauti moja tu kama dunia imegeuka ao apana.

Hapa wanafunzi wa lugha watuvumilie kidogo. Kwa Kiswahili jambo hili haliwezekani kwa namna ile. Sisi tunasema «bingwa mupya». Sifa inafuata jina. Mutangazaji wa Kiswahili angelazimika kuvuta «bingwa» na kuacha watu wananing'inia, kisha kutupa «mupya» mwishoni kama jiwe. Kwetu neno la kungoja linakuja nyuma, sawa vile katika hadithi za wazee mutu anajua mwizi ni nani ku neno la mwisho. Tunafikiri ingekuwa nzuri kuliko ya Finkel, lakini hiyo ni maoni yetu, na tunajua tunapendelea lugha yetu.

Kuna jambo moja juu ya Finkel ambalo tunalikumbuka kwa uchungu kidogo. Tarehe 31 Machi 1985, WrestleMania ya kwanza ilifanyika ku Madison Square Garden. Finkel alitangaza usiku muzima. Lakini pambano la mwisho lilipofika, lile ambalo watu walilipia, la Hulk Hogan na Mr. T kupigana na Roddy Piper na Paul Orndorff, mikro ilipewa Billy Martin, mutu wa baseball. Mwenye kushika saa alikuwa Liberace, mupiga piano. Na mwamuzi wa nje ya ulingo alikuwa Muhammad Ali, yule yule wetu wa Kinshasa. Miaka miwili nyuma ya hapo, ku WrestleMania ya tatu, pambano la Hogan na André lilitangazwa na Bob Uecker, mwingine wa baseball. Ni desturi ya biashara: mwenye kuchambua mboga tangu asubuhi ni mumoja, mwenye kubeba sahani mbele ya wageni ni mwingine. Finkel hakujulikana kuwa mutu wa kulalamika. Mwaka 1995 walimupiganisha hata pambano la kuvuliana kostime na Harvey Wippleman, ili watu wacheke. Watu walicheka. Sisi hatukuona cha kuchekesha kumuona mwenye kutaja majina ya watu anavuliwa nguo mbele yao.

Wanawake pia wamefanya kazi hii. Mike McGuirk, ambaye ni mwanamuke hata kama jina linadanganya, alitangaza ku WWF miaka ya 1980. Lilian Garcia, aliyezaliwa Madrid na kukomalia Puerto Rico, alianza huko mwaka 1999. Yeye pia ni muimbaji. Tarehe 13 Septemba 2001, siku mbili tu kisha minara ya New York kuanguka, katshi ilifanyika ku Houston mbele ya watu wengi, wakati michezo mingine mikubwa ilikuwa imesimamishwa, na ni yeye aliyeimba wimbo wa taifa katikati ya ulingo. Wengine waliona si vizuri kupiga katshi siku ile. Inawezekana. Lakini tunajua kwetu pia: siku ya musiba mukubwa watu hawatafuti mwenye hotuba, wanatafuta mwenye sauti.

Sasa, wale hatuwapendi. Hapa tunajua wengi hawatakubaliana nasi, kwani mutu wetu wa kwanza ni Michael Buffer, na sauti ya Buffer ni nzuri, hatuwezi kuikataa. Alianza mwaka 1982. Mwenye sura ya mucheza sinema, nywele zimewekwa sawa, kostime ya bei kali. Musemo wake wa kuita watu wajitayarishe kwa fujo unajulikana dunia nzima. Hata watoto wasiojua Kiingereza wanauiga ku avenue. Shida yetu ni hii: mwaka 1992 musemo ule uliandikishwa kwa serikali ya Marekani kama alama ya biashara. Tangu hapo ni mali. Mwenye kutaka kuutumia katika sinema, katika mutambo wa mchezo ao katika tangazo, anapaswa kulipa.

Na musemo wenyewe umetoka wapi? Buffer mwenyewe amesema ni Muhammad Ali aliyemupa wazo. Ali na mwenzake Drew Bundini Brown walikuwa wakipigiana kelele neno lile la fujo tangu miaka ya 1960. Neno lile lile liko ndani ya jina la Kiingereza walilolipa pambano la Ali na Foreman, tarehe 30 Oktoba 1974, ku Stade du 20 Mai, Kinshasa, saa kumi ya usiku, mbele ya watu elfu makumi waliomuimbia Ali amuue mwenzake. Basi neno lilipita kwa Bundini, kwa Ali, kwa usiku wa Kinshasa, likafika kwa Buffer, na pale likafungiwa ndani ya kabati na ufunguo. Hatusemi ameiba. Sheria ya inchi yake inaruhusu. Lakini mutu wa kasala hawezi kufanya hivyo. Sifa anazozisema si zake. Ni za mutu aliyesimama mbele yake na za babu za mutu yule. Akimaliza, sifa zinabaki na mwenyewe, yeye anarudi nyumbani na mbuzi ao na franka. Kwa Buffer tunaona kinyume: wapiganaji wanabadilika kila wiki, na sifa inarudi hoteli pamoja na mutangazaji.

Ku WCW, kampuni ya mieleka iliyokufa mwaka 2001, Buffer aliletwa kwa mapambano makubwa ya mwisho. David Penzer alitangaza yaliyobaki, tangu jioni watu wangali wanatafuta viti. Penzer hana musemo wa kuuzisha. Tunamutaja hapa ili atajwe mahali fulani. Na ili tusiwe watu wa chuki, tuseme pia kwamba mwaka 2008 Buffer alipasuliwa kwa ajili ya kansa ya koo, akapona, akarudi kazini. Kwa mutu mwenye kuishi kwa koo lake, kurudi namna ile si jambo dogo, na tulifurahi.

Lakini jambo baya kuliko yote ambalo mutangazaji wa ulingo amelisema halikutoka kwa Buffer. Lilitoka kwa wale tunaowapenda, na Finkel akiwa ndani. Ni maneno machache tu, yale ya mahali: «kutoka Uganda».

Mupiganaji mwenyewe aliitwa Kamala. Alikuwa mutu mukubwa sana, mweusi, uso na tumbo vimepakwa rangi, kiunoni nguo ya kuiga ngozi ya munyama, mukuki mukononi. Hakuvaa viatu. Hakusema neno. Ilisemwa ni mula-watu. Ilisemwa hajui hata sheria ya kushinda: akimuangusha mutu, anamulalia akiwa kifudifudi, na lazima msaidizi wake amuonyeshe kumugeuza ili mabega yaguse chini. Watu walicheka, na watoto waliogopa. Jina lake la kweli lilikuwa James Harris, alizaliwa mwaka 1950 ku jimbo la Mississippi, na akakomalia huko huko kati ya watu masikini wa kusini ya Marekani. Sura ya Kamala ilitengenezwa Memphis mwaka 1982. Idi Amin alikuwa ameanguka mwaka 1979, lakini jina la Uganda lilikuwa lingali linanuka hofu kwa masikio ya Wamarekani, na wenye biashara walilikamata. Harris alijua Kiingereza vizuri sana. Ni lugha ya mama yake. Walimulipa ili anyamaze.

Tunajua wasomaji wengine watasema: hii ni mchezo, kila mutu katika katshi anadanganya. Ni kweli. Wapiganaji wenye kufunika uso wanatangazwa kwamba wanatoka mahali pasipojulikana, na hakuna anayekasirika. Undertaker anatangazwa kutoka Bonde la Mauti, na bonde hilo liko kweli ku California, lakini hakuna mutu wa pale aliyeudhika. Uganda si mahali pasipojulikana. Watu wa Beni na wa Bunia wanavuka mupaka kununua vitu Kasese na Kampala. Kuna Waganda wanaofundisha, wanaoshona, wanaoendesha malori. Mutoto wa Marekani wa mwaka 1986 hakuwa na mutu mwingine wa kumuambia Uganda ni nini. Alikuwa na mutu wa kostime nyeusi na papiyo, mwenye sauti ya kuaminika, sauti ile ile iliyomuambia nani ni bingwa wa kweli. Kwa namna ile sauti nzuri inafanya uongo kuwa muzito.

Je, ni kosa la mutangazaji? Yeye anasoma karatasi. Kwa kasala, mutu akitaja babu asiye wako, wazee wa ukoo wamekaa pale pale; wanakohoa, wanamukatiza, na siku nyingine hataitwa. Hata ku katshi ya Kinshasa, ile ya akina Kelekele na Edingwe Moto na Ngenge, mutangazaji akisema mutu fulani ni wa Matete na si wa Matete, watu wa Matete wako ku viti na midomo wanayo. Ku New York hakukuwa na Muganda wa kukohoa. Wenye kumusikiliza mutangazaji hawakuweza kumusahihisha, na mwenye kumulipa hakutaka asahihishwe. Finkel angeweza kukataa? Pengine angefukuzwa, na mwingine angesoma. Lakini tunapomusikiliza leo akivuta lile neno lake la «mupya», tunasikia pia sauti hiyo hiyo ikisema «Uganda», na furaha yetu inapungua kidogo. James Harris mwenyewe alilalamika hadharani, kisha kuacha kazi, kwamba alilipwa kidogo sana kuliko watu aliopigana nao. Ugonjwa wa sukari ulimukata miguu yote miwili. Alikufa mwezi wa 8 mwaka 2020, miezi mine nyuma ya Finkel.

Kuna mwingine wa kumutaja. Kofi Sarkodie-Mensah alizaliwa Kumasi, Ghana, mwaka 1981, akapelekwa Marekani angali mutoto. Alipoonekana ku televizyo ya WWE mwaka 2008 kwa jina la Kofi Kingston, alisema kama mutu wa Jamaika, na watangazaji wakasema anatoka Jamaika. Mwafrika wa kweli alikuwa amepatikana, akatangazwa kwa inchi nyingine! Karibu miaka miwili ilipita hivyo. Kisha, mwisho wa mwaka 2009, maneno yale ya mahali yakabadilika. Mutangazaji akaanza kusema anatoka Ghana, Afrika ya Magharibi. Karatasi ilibadilishwa, na sauti ikafuata karatasi.

Tarehe 7 Aprili 2019, ku New Jersey, jimbo la kuzaliwa la Finkel, Kofi alimushinda Daniel Bryan mbele ya watu elfu makumi. Hakuna mutu aliyezaliwa Afrika aliyepata kuwa bingwa wa WWE mbele yake. Finkel hakuwa tena ku mikro. Mwingine alitangaza, na alilitumia lile neno moja lenye kuja mbele ya «bingwa». Mwaka ule ule Kofi alirudi Ghana kutembelea, mara ya kwanza kisha zaidi ya miaka ishirini.